Kioo cha Msee wa Nduthi Bado Kinaogelea Korea

Nianze na bei ndio tuelewane. Desemba 2020, Samsung walitangaza huko kwao Korea Kusini TV ya inchi 110. Bei: won milioni 170. Hiyo ilikuwa zaidi ya dola 150,000, na ukibadilisha kwa shilingi zetu za sahii unakaribia milioni 20. Milioni 20, wasee. Unanunua ploti Kitengela, unajenga, unaweka geti na mbwa wawili, na bado inabaki chenji ya kununua TV ya kawaida.

Na usidhani ndani ya hiyo TV kuna dhahabu. Kuna taa. Taa ndogo sana, zaidi ya milioni 24, na sehemu kubwa ya uchungu wa bei inatoka kwa kazi moja ambayo ukiitaja inasikika kama ya watoto wa nasari: kuokota kila taa na kuiweka kwa nafasi yake. Hiyo ndiyo kazi nataka tuongelee leo, kwa sababu kuna watu wameamua kuifanya kwa kumwaga hizo taa kwa maji na kutikisa. Sikudanganyi. Kutikisa.

Wengine wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini mtu wa video za mtaa anafuatilia viwanda vya Wakorea. Ni kwa sababu ya binamu yangu.

Cuzo hubeba chakula na nduthi hapa Nairobi. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nne usiku simu iko kwa usukani, ramani imefunguliwa, mwangaza umepandishwa hadi mwisho, kwa sababu jua la saa saba mchana halina adabu. Simu yenyewe ni ex-UK yenye kioo cha OLED, ile aina ambayo weusi ni weusi kweli na rangi zinawaka. Alipoinunua tulimwonea wivu. Baada ya miezi nane hivi, akifungua WhatsApp anaona ule mstari wa kutafutia mahali umebaki pale juu, na vibonye vya ramani viko palepale chini, hafifu, kama alama ya fremu iliyotolewa ukutani baada ya miaka mingi. Ramani imefungwa lakini mzimu wake haujaenda nyumbani.

Tukaenda naye Luthuli. Fundi akashika simu, akafungua ukurasa mweupe, akainamisha kichwa akiangalia kwa pembe. "Hii imechomeka, kijana wangu. Hata nikiflashi mara kumi hakuna kitu itabadilika." Kioo orijino, elfu tisa na mia tano. Kopi, elfu nne. "Lakini nisikudanganye, hii ya kopi ni LCD ya bei ya chini. Ukitoka nayo kwa jua utakuwa unaendesha kwa imani." Cuzo akacheka kidogo, ile kicheko ya mtu anayepiga hesabu. Elfu tisa na mia tano kwake ni kama wiki mbili za faida baada ya mafuta. Alirudi kazini na mzimu wake.

Mimi nikabaki na swali. Mbona kioo kinachoka? Taa ya LED nyumbani kwetu imewaka miaka minne na haijaacha mzimu popote.

Jibu ni kwamba hizo ni taa mbili tofauti zenye majina yanayofanana. Kwa kioo cha OLED kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe, na kinachotoa mwanga ni kemikali za jamii ya kaboni zilizopakwa kwa tabaka nyembamba sana. Ukipitisha umeme zinang'aa, na kila zinapong'aa zinazeeka. Ukizipa mwangaza mkali na joto zinazeeka haraka zaidi, na zile za bluu ndizo huchoka mbele ya wengine. Kwa hivyo ule mstari mweupe wa ramani haujabaki kwa kioo kama picha. Nukta zilizokuwa zinauonyesha zimefanya kazi kuliko majirani zao, basi. Unachoona ni uchovu. Manze, nilipoelewa hivyo niliihurumia hiyo simu.

Sasa kumbuka zile bilibodi za LED ukipita Mombasa Road. Zinapigwa na jua mchana, mvua inanyesha juu yake, na bado zinawaka hadi unataka kuvaa miwani. Nganya nazo zina ndugu zake wadogo, zikiandika jina la mat na kumwaga rangi kote. Ukisogea karibu na bilibodi utaona nukta zimeachana, nyekundu, kijani, bluu, kila moja ni LED yake. Hapo kinachotoa mwanga ni fuwele ngumu, si tabaka la kemikali laini. Kwa bluu na kijani ni fuwele ya galiamu nitraidi, ile ambayo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuifanya itoe bluu inayofaa. Fuwele nayo huzeeka, lakini polepole, na huvumilia mwangaza mkali bila kulialia.

Wazo la maikro-LED ni rahisi kulisema: chukua hiyo bilibodi, ipunguze hadi itoshe mfukoni. Kila nukta iwe fuwele, kila nukta ijiwashe na kujizima yenyewe. Upate weusi wa OLED na ubishi wa bilibodi.

Kulifanya ndio shughuli.

Fuwele hizi haziwezi kukuzwa moja kwa moja juu ya kioo cha TV. Zinakuzwa kwa joto linalofika nyuzi 1,000 na zaidi, mara nyingi juu ya sahani nyembamba ya yakuti samawi, na hapo zinakaa zimebanana kama miche kwa kitalu. Kioo cha TV kwa joto hilo kingekuwa uji. Kwa hivyo lazima zikuzwe kule, zikatwe, kisha zihamishwe huku zikiachanishwa kwa nafasi sawasawa. Kama umewahi kuona watu wakipandikiza mpunga Mwea, migongo imepinda, mche mmoja baada ya mwingine, umeshaelewa tatizo la kampuni tajiri kabisa duniani.

Tofauti ni ukubwa na hesabu. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa 2,160. Kila nukta inataka taa tatu za rangi, kwa hivyo unahitaji taa 24,883,200. Tuseme una mashine ya kuokota na kuweka ambayo inaweka taa kumi kwa kila sekunde, bila kulala, bila chai, bila stima kupotea. Itamaliza TV moja kwa siku 28 na saa kadhaa zaidi. TV moja! Na kila taa ni ndogo kuliko unene wa unywele, kwa hivyo kwa ukubwa huo hata kuiachilia ni kazi, inang'ang'ania kile kilichoibeba kama unga kwa kidole.

Kuna njia za kuharakisha. Kuna muhuri wa mpira laini unaobandua maelfu ya taa kwa mpigo mmoja na kuzibandika upande wa pili. Kuna wanaotumia leza kuzidondosha. Zote zinafanya kazi na zote ni ghali, kwa sababu zote zinasisitiza kujua kila taa iko wapi kila wakati.

Njia ya maji haijali. Hapo ndipo iliponishika.

Si wazo la jana. Mwaka 1994, Hsi-Jen Yeh na profesa wake John Stephen Smith wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha njia ya kuweka LED juu ya silikoni kwa kutumia kimiminika. Walizichonga zikawa na mbavu za mshazari, pana juu na nyembamba chini, wakachonga mashimo ya umbo hilohilo, wakazipitisha na kimiminika juu yake. Iliyofika shimoni ikiwa imegeuka vizuri inaingia na kukaa. Iliyogeuka vibaya haitoshei, kimiminika kinaibeba inaenda kujaribu tena. Mwaka huohuo ikazaliwa kampuni iliyoitwa Alien Technology (jina siwezi kulitetea), ikatumia mbinu hiyo kwa vichipu vya zile lebo za kutambua bidhaa kwa mawimbi ya redio. Baadaye eLux, kampuni iliyotoka ndani ya maabara ya Sharp huko jimbo la Washington, Marekani, ikaipeleka kwa skrini za maikro-LED.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliona kama uchawi, kwa hivyo nikafanya kile ambacho nyinyi hunilipa kwa kutazama: nikajaribu na ndengu.

Nilimpa fundi wa mbao kipande cha ubao akanitobolea vishimo 100, kumi kwa kumi, kila kimoja cha kutosha ndengu moja. Nikakilaza ndani ya karai, nikaongeza maji, nikamwaga vikombe viwili vya ndengu, nikaanza kuyumbisha pole pole kama mtu anayepepeta mchele. Dakika moja, nikahesabu: vishimo 64 vimejaa. Sikugusa hata ndengu moja kwa kidole. Dakika ya pili, 83. Ya tatu, 91. Hapo nikaanza kujiona mhandisi. Mama akapita, akatazama, akasema, "Hizo ukimaliza kuzifundisha kuogelea uziweke kwa jiko," akaenda zake.

Dakika ya tano, 96. Halafu ikakwama. Vile vishimo vinne vilikataa kabisa. Nikatikisa kwa nguvu zaidi, na zile zilizokuwa zimekaa zikaanza kuruka nje: nikarudi 93. Nikipunguza nguvu, hakuna kinachosogea. Hapo, kwa ubao wa shilingi mia mbili, ndipo nilipoelewa hii biashara yote. Kujaza vishimo vingi ni bure, bahati inakufanyia kazi. Ni vile vya mwisho vinavyokula pesa. Lazima utikise vya kutosha kuleta wageni lakini si vya kuwafukuza wenyeji.

Kisha nikakoroga unga wa mahindi kidogo kwa maji, mwepesi kuliko uji wa mgonjwa, nikarudia. Ndengu ziliacha kulala chini kama mawe, zikaanza kusafiri na maji kila yanapoelekea. Nilitabasamu peke yangu kwa sababu hilo nilikuwa nimelisoma, na sasa nilikuwa naliona.

Mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha kazi ya watafiti wa Korea Kusini wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul na LG Electronics. Walikuwa na visahani vya galiamu nitraidi vyenye upana wa maikromita 45 na unene wa maikromita 5. Badala ya shimo, kila nafasi kwa paneli yao ilikuwa na tone la solda lililoyeyuka. Kisahani kikigusa tone kwa upande wake wa chuma, tone linakinyakua na kukivuta hadi katikati, kwa nguvu ileile inayofanya tone la maji lijikunje kuwa duara. Tatizo lao lilikuwa kwamba kitu kidogo hivyo karibu hakina uzito. Ndengu zangu zinasukumwa na uzito wao wenyewe. Kisahani cha maikromita 45 hakina wa kukisukuma, maji matupu yanapita na kukiacha palepale.

Dawa ikawa kuongeza kiasi kidogo cha poloksama, kemikali inayofanya maji yawe mazito kiasi, ambayo pia hutumika kwa dawa za kusukutua mdomo. Maji mazito yanasukuma vizuri zaidi. Wakatikisa sekunde 60. Taa zaidi ya 19,000 zikawa zimekaa, asilimia 99.88.

Naomba usome hiyo tena. Dakika moja. Hakuna mashine iliyookota hata taa moja. Na siri ilikuwa kuongeza uzito wa maji, kitu ambacho kila mtu aliyewahi kupika uji amekiona bila kukiandikia Nature.

Paneli hiyo ilikuwa ya rangi moja, taa ya kumulika tu. Skrini inataka rangi tatu, na ukimwaga nyekundu, kijani na bluu kwa karai moja utajuaje kila moja itaenda kwake? Mwaka huohuo 2023 LG Electronics walitoa jibu lao, pia ndani ya Nature. Kila rangi walipatia umbo lake na shimo la umbo hilo, kama ule mchezo wa mtoto wa kutia vipande kwa matundu. Ndani ya kila taa wakaweka nikeli kidogo, ndio sumaku iweze kuzichunga kama mbuzi, huku umeme karibu na kila shimo ukizinyakua zinapokaribia. Rangi tatu kwa mpigo, ndani ya dakika 15, asilimia 99.99.

Asilimia 99.99. Ukipata hiyo kwa KCSE wanakubeba juu juu kijiji kizima. Ndiyo maana vichwa vya habari vilishangilia, na ndiyo maana mimi huviangalia vichwa vya habari vya teknolojia kwa jicho moja. Rudisha ile namba yetu: taa 24,883,200. Asilimia 0.01 ya hiyo ni taa 2,488. TV yako mpya ina madoa 2,488. Kwa ile 99.88 ni madoa karibu 30,000, hiyo si TV, ni chandarua. Wenye viwanda huongea juu ya 99.9999, na hapo bado unabaki na nafasi kama 25 za kurekebisha kwa kila TV moja. Wengine huweka nafasi ya akiba kando ya kila nukta, ukikosa moja unawasha jirani yake. Lakini akiba ni taa zaidi, na taa zaidi ni doo zaidi. Ni vile vishimo vinne vyangu, vimekuwa vikubwa kama Korea.

Sasa nifike kwa kinachoniudhi.

Sifa kubwa za maikro-LED ni kwamba inaonekana kwa jua kali, na unaweza kuiachia picha moja siku nzima bila kuichosha. Niambie, mwenye sebule ya TV ya inchi 110, mapazia yamefungwa, kiti kinajikunjua chenyewe, anahitaji gani kati ya hizo mbili? Yeye anahitaji popkoni. Anayehitaji hicho kioo ni mtu anayefanya kazi nje na simu yake. Ni cuzo na ramani yake. Ni mama mboga anayejaribu kusoma kama ujumbe wa M-Pesa ni wa ukweli saa saba mchana, kiganja juu ya kioo kama anakinga mshumaa. Ni dereva wa teksi ambaye laini ya programu haiondoki kwa skrini masaa kumi na mbili. Teknolojia ya watu wa juani imeanzia kwa watu wa kivulini, kwa sababu hao ndio wanaoweza kulipia vishimo vya mwisho.

Najua kuna atakayesema ndivyo kila kitu huanza, subiri itashuka. OLED yenyewe ilianza kwa matajiri, na leo iko kwa nduthi. Ni kweli, na ningependa kuamini hivyo, lakini kushuka si sheria ya asili. Februari 2024, kampuni ya ams OSRAM ilitangaza kwamba mradi wake mkuu wa maikro-LED umefutwa na mteja ghafla, na ilikuwa tayari imejenga kiwanda kipya kwa ajili yake huko Kulim, Malaysia. Vyombo vya habari vilimtaja mteja kuwa Apple, aliyekuwa akitafuta kioo cha saa. Apple walinunua kampuni ya maikro-LED iitwayo LuxVue tangu 2014. Miaka kumi, na pesa ambazo sitaki hata kuzifikiria, na mradi ukazimwa.

Mwaka 2025 Garmin ndio wakatoa saa yenye kioo hicho, fenix 8 MicroLED, taa zaidi ya 400,000 kwa mkono. Bei dola 1,999.99. Inang'aa kwa jua kama kioo cha gari, lakini inakaa na chaji siku chache kuliko ndugu yake ya OLED. Hiyo nayo ina sababu: fuwele ukiikata ndogo sana, kingo zilizokatwa zinapoteza umeme bila kutoa mwanga, na nyekundu ndiyo huumia zaidi. Kwa hivyo hata taa zikikaa zote mahali pake, kazi haijaisha. Na wakati huohuo OLED inazidi kuwa bora na rahisi kila mwaka, haisubiri mtu.

Ndiyo maana mimi naangalia maji na sio TV. Muhuri na leza vitaendelea kuwa bora, sina shaka, lakini vinabaki kuwa mashine ghali zinazohesabu kila hatua. Kati ya njia zote ni hii moja ambayo kuongeza taa mara kumi hakuongezi muda mara kumi. Ndengu mia au ndengu elfu, unatikisa karai lilelile. Kama kuna mlango wa kioo hiki kufika kwa simu ya elfu ishirini, naona uko hapo.

Nilimpelekea yule fundi wa Luthuli hiyo hadithi, nikamwonyesha na video ya ndengu. Alitazama hadi mwisho bila kusema kitu, ambacho kwa fundi wa Luthuli ni heshima kubwa. Kisha akauliza swali ambalo sijaliona kwa makala yoyote. "Sasa nukta moja ikikufa, mimi naibadilisha na nini?"

Nikamwambia kiwandani wanaweza kuondoa taa mbovu na kuweka nyingine, kwa mashine. Akanyoosha mkono akaonyesha meza yake: hadubini ndogo, chuma cha kulehemu, koleo, kopo la spiriti, kikombe cha chai. "Unywele naweza kuushika na koleo. Hiyo yako ni nusu unywele." Akafikiria. "Basi wataleta kioo kizima, na kioo kizima kitakuwa elfu thelathini, na hakitakuwa na kopi."

Hapo sikuwa na la kumjibu, na bado sina. Kioo kikianguka kwa lami kitapasuka hata kama taa zake hazichoki miaka ishirini, na cuzo ameangusha simu mara mbili tangu Januari. Fundi alikuwa tayari amegeukia mteja mwingine, dada mmoja aliyeleta simu yenye kibodi iliyochomeka kwa kioo, herufi zote, unaweza kuzisoma hata simu ikionyesha ukurasa mtupu. Akamwambia bei mbili, ya orijino na ya kopi.